Lenzi ya Umbali wa Salamu: Mwongozo kwa Mpiga Picha wa Busia na Malaba

Anayeanza kupenda kupiga picha huuliza kwanza ni lenzi ipi inayovuta mbali zaidi. Kwa wewe unayetaka kupiga picha Busia au Malaba, nakushauri uligeuze swali hilo: uliza ni lenzi ipi itakayokusimamisha mahali ambapo mtu anaweza kuisikia salamu yako. Hoja ya mwongozo huu ni hiyo. Katika miji hii miwili ya mpakani, lenzi ya kununua kwanza ni moja, ndogo, isiyo na zumu, yenye uwazi mkubwa wa kuingiza mwanga. Fedha inayobaki iende kwenye betri, kadi na vitu vya kuikinga kamera na vumbi na unyevu, na lenzi ndefu ingoje. Hoja hii ina ushahidi wa hesabu, wa mwanga na wa sheria, na ina mahali inaposhindwa, ambapo pia nitapataja.

Tuanze na hesabu. Chukua kamera zinazopatikana kwa urahisi zikiwa zimeshatumika: Nikon za ukoo wa D3000 na D5000, au Canon kama 700D na 1200D. Sensa za kamera hizi ni ndogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35. Ya Nikon ina urefu wa milimita 23.5 hivi, ya Canon milimita 22.3. Sasa isimamishe kamera wima, na utake fremu inayobeba mita 2 kwenda juu, inayomtosha mama muuza dagaa kuanzia ndala zake hadi kitambaa cha kichwa. Ukiwa na lenzi ya milimita 35 kwenye Nikon, utasimama mita 3 kutoka kwake. Ukiwa na ya 50 kwenye Canon, mita 4 na nusu. Ukiwa na ya 200, mita 17. Mita 3 ni umbali wa kusema "mulembe" kwa Mluhya au "yoga" kwa Mteso bila kupaza sauti, na wa kuliona jibu usoni. Mita 17 katikati ya soko la Busia ni mikokoteni, pikipiki, watu waliojitwika magunia na mabishano ya bei, vyote vikipita kati yako na yule unayemtaka. Ukifika umbali huo, hata fremu yenyewe huipati, kwa sababu daima kuna mgongo wa mtu ndani yake. Kwa hiyo namba iliyoandikwa kwenye lenzi inakwambia pia utaishi vipi na watu wakati unapiga picha.

Jambo hili lina uzito zaidi mpakani kuliko kwingine. Tangu Februari 2018, rais wa Kenya na wa Uganda walipozindua kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia, maafisa wa nchi hizo mbili wanafanya kazi chini ya paa moja. Pembeni ya lango hilo kuna uchumi mwingine wa watu wadogo. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unamruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha bidhaa zilizo kwenye orodha, zisizozidi thamani ya dola 2,000, kwa karatasi chache, lakini bado wapo wanaopita njia za panya na mkungu wa ndizi au furushi la mitumba. Mtu wa namna hiyo akiona lenzi ndefu ikimwelekea kutoka ng'ambo ya barabara, hana njia ya kujua kama wewe ni mpenzi wa picha, mwandishi wa habari au mpelelezi, na kuogopa kwake ni haki yake. Picha ambayo kwako ni mchezo wa rangi inaweza kumgharimu riziki ya wiki. Lenzi fupi inakulazimisha ufike, ujitambulishe, uombe, na ukikataliwa uondoke.

Sheria nayo iko upande huo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinalinda faragha ya mtu, na kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 picha inayomtambulisha mtu ni data yake. Picha unazojiwekea nyumbani ni jambo jingine, lakini ukizitangaza au kuzitumia kibiashara umeingia kwenye eneo la ridhaa. Mwezi Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Kwa watoto usilegeze hata kidogo: mzazi asipokuwepo, picha haipo. Kituo chenyewe cha mpaka, yaani madirisha ya uhamiaji, mizani, skana ya mizigo na askari, usikipige bila kibali cha maandishi, na droni usiifikirie kabla ya kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Yaliyo nje ya lango yanakutosha kwa miaka.

Kuna pingamizi linalosemwa kila mara: ukimsalimu mtu kwanza, atajikausha na kutabasamu kwa ajili ya kamera, na picha ya maisha halisi itakuwa imekwenda. Ni kweli kwa picha ya kwanza. Ipige hiyo ya kujikausha, mwonyeshe kwenye kioo, mshukuru, kisha usiondoke. Muuza nyanya ana wateja, na mteja wa Busia hasubiri. Baada ya dakika 5 mazungumzo ya bei yanarudi, mikono inarudi kazini, na wewe uko palepale mita 2 au 3 kando, umesharuhusiwa. Aliyeiba picha yake kwa lenzi ya 300 alipata nafasi moja tu. Wewe una asubuhi nzima.

Ushahidi mwingine ni mwanga. Busia na Malaba ziko chini ya digrii moja kaskazini ya Ikweta. Mwaka mzima jua huchomoza kati ya saa 12:20 na saa 1 kasoro asubuhi, hutua baada ya saa 12 na nusu jioni, na hupanda karibu wima. Katika saa ya kwanza tu linakuwa limepanda kiasi cha digrii 15. Kwa hiyo mwanga ule laini wa rangi ya asali, ambao vitabu vya Ulaya vinausifu kama wa saa nyingi, hapa ni wa muda mfupi, na saa 2 asubuhi umekwisha. Adhuhuri jua liko utosini na kila jicho lina kivuli cheusi chini yake. Mpiga picha wa Busia hawezi kuishi kwa dakika hizo chache za asubuhi na jioni. Lazima ajifunze kufanya kazi chini ya mabati, chini ya turubai, ndani ya kibanda cha chai cha madereva, na humo ndimo lenzi yenye uwazi wa f/1.8 inapojilipa. Lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera, ukiiweka kwenye milimita 35, uwazi wake wa juu ni f/4.5 hivi, ile ya f/1.8 inaingiza mwanga zaidi ya mara 6 ya huo. Ukiivuta ya zumu hadi 55, inashuka hadi f/5.6, na tofauti inakaribia mara 10. Kwenye milimita 35, pale zumu inapokupa kasi ya shata ya 1/30, ambayo kwayo mkono wa muuzaji unaopima dagaa utatoka kama moshi, lenzi ndogo inakupa karibu 1/200.

Kasi hiyo ina maana yake mitaani. Boda boda, jina lililozaliwa kwenye mpaka huu huu kutokana na baiskeli zilizovusha abiria kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, ni somo ambalo kila mpiga picha hapa atalijaribu. Baiskeli inayokwenda kilomita 15 kwa saa inasogea mita 4 na kidogo kila sekunde. Shata ikiwa wazi kwa 1/60, baiskeli imesogea sentimita 7. Kwa 1/500, milimita 8 tu. Ukitaka mwendeshaji atulie kabisa, tumia 1/500. Ukitaka mwendo uonekane, shuka hadi 1/30, mfuate kwa kamera kwa kasi yake mwenyewe, na uendelee kumfuata hata baada ya kubonyeza. Picha 20 zitaharibika kabla ya moja kukaa vizuri, na hizo ndizo karo yake. Kuhusu upande wa kusimama, kumbuka kwamba Uganda iko magharibi. Jioni, anayeelekea Uganda jua liko usoni mwake, na anayeingia Kenya jua liko mgongoni, anatoka kivuli chenye ukingo wa dhahabu. Chagua kabla ya kufika, kwa sababu dakika zenyewe ni chache.

Mipangilio ya kamera nayo isiwe mzigo. Weka mtindo wa A kwenye Nikon, uwazi f/4, ISO ijipange yenyewe isizidi 3200, na shata isishuke chini ya 1/250. Canon nyingi za bei ya chini hazikuruhusu kuweka kiwango hicho cha chini cha shata. Humo tumia Tv kwa 1/250 na uiachie kamera mengine. Kwa nini f/4 wakati tumenunua f/1.8? Kwa sababu mita 2 kutoka kwa mtu, lenzi ya 35 kwa f/1.8 inashika sentimita 24 tu za kina. Kwa f/4 inashika zaidi ya nusu mita, inayotosha uso wake pamoja na mikono na mizani yake. Mtu wa sokoni ni pamoja na anachouza, na kufuta kila kitu nyuma yake kwa ukungu ni kumtoa mahali pake. Shuka hadi f/2 giza linapokulazimisha. Usiku, chini ya balbu za LED, weka 1/100 au 1/50: umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, taa za bei nafuu zinapepesa mara 100, na shata ya haraka zaidi itakuletea mistari ya giza kwenye picha.

Ngozi nyeusi inataka sentensi zake. Kipimo cha mwanga cha kamera kinadhani kila fremu, kwa wastani, ni ya kijivu. Hata filamu za rangi kwa miongo mingi zilipimwa kwa kadi zenye picha za wanawake weupe, na hasara ikabaki kwetu. Mtu mweusi akiwa mdogo mbele ya anga jeupe la Malaba, kamera itaogopa anga na kumzamisha gizani: ongeza hatua 1 au zaidi kwenye fidia ya mwanga. Lakini uso ukijaza fremu, kamera itafanya kinyume, itaung'arisha mpaka ufanane na majivu: punguza theluthi 2 za hatua. Anayekumbuka kuongeza tu bila kupunguza amejifunza nusu ya somo. Jihadhari pia na turubai. Chini ya turubai la buluu kila uso ni wa buluu, na chini ya la chungwa ni homa. Piga kwa faili la RAW ili uweze kurekebisha, au, bora zaidi, mwombe mhusika asogee hatua moja hadi ukingo wa kivuli, ambapo mwanga wa anga unaingia kwa upole.

Sasa ununuzi. Kwa Nikon ndogo, tafuta AF-S DX 35mm f/1.8G. Usidanganyike na bei ya chini ya 50mm f/1.8D: miili ya ukoo wa D3000 na D5000 haina mota ya ndani, na lenzi hiyo itabaki ya kulenga kwa mkono. Lenzi za AF-P nazo hazifanyi kazi kabisa kwenye miili ya zamani kama D3000 na D5100. Kwa Canon, EF 50mm f/1.8 STM, iliyotoka mwaka 2015, ina uzito wa gramu 160 tu na ni nzuri kwa nyuso, ila kumbuka zile mita 4 na nusu. Kwa vichochoro vya soko, EF-S 24mm f/2.8 STM, nyembamba kama biskuti, inakaa vizuri zaidi ingawa inaingiza mwanga mdogo. Ukinunua iliyotumika, iwe Nairobi, Kisumu au Kampala, usiilipie kabla ya kuwasha tochi ya simu nyuma yake na kuchungulia kutoka mbele. Nyuzi kama za buibui ni kuvu, na kuvu ya ndani haifutiki kwa kitambaa. Tazama kama vipande vinavyofungua na kufunga uwazi vina mafuta. Kisha piga ukurasa wa gazeti uliobandikwa ukutani kwa f/1.8 na kwa f/5.6, na ukuze pembe zote 4 kwenye kioo. Muuzaji mwaminifu hatakukataza.

Watu watakwambia zumu ya 18-55 inatosha, maana ina 35 ndani yake. Sibishani na urahisi wake. Fanya jaribio hili: fungua picha zako 200 za mwisho kwenye kompyuta, tazama kila moja ilipigwa kwa milimita ngapi. Zikirundikana kwenye 18 na kwenye 55, jua kwamba hukuwa unachagua, ulikuwa unazungusha pete hadi inapogota. Lenzi isiyo na zumu inakufundisha kusogea, na baada ya wiki chache unaijua fremu kabla hujainua kamera. Wengine watasema simu inatosha. Simu ya leo inatosha kwa mengi, na ndiyo sababu sikushauri ununue lenzi pana: kamera kuu ya simu huona karibu sawa na lenzi ya milimita 24 hadi 26 kwenye fremu kamili, na hiyo ndiyo unayohitaji kwa malori. Trela la mita 16 kwa lenzi ya 35 litakutaka urudi nyuma karibu mita 24, nafasi ambayo hutaipata kwenye foleni ya Malaba, iliyofikia makumi ya kilomita mwaka 2020 madereva walipokuwa wakisubiri vipimo vya korona. Piga safu ya malori kwa simu. Kwa dereva aliyeketi kwenye kizingiti cha kichwa cha gari akichemsha chai, toa kamera.

Hoja yangu inashindwa kwa ndege. Anayekwenda Bwawa la Yala kutafuta ndege wa mafunjo, au anayesimama Sio Port na Port Victoria kutazama wavuvi walio ndani ya ziwa, salamu haimsaidii. Yeye anunue 55-250 au 70-300, tena yenye kituliza-mtikisiko, na awe na subira ya tripodi. Na mahali pengine ambapo tripodi ina haki yake ni Kakapel, kwenye vilima vya Chelelemuk karibu na Malaba, penye michoro ya kale ya maduara na ya ng'ombe kwenye mwamba ulioinama. Ni turathi ya taifa iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Pale weka ISO 100, f/5.6, kipima-muda cha sekunde 2, kamera ikitazamana na ukuta bila kuinama, na uiache shata ichukue muda wake. Usitumie flashi, inafuta mikunjo ya mwamba. Na usimwagie michoro maji ili rangi ing'ae, kwa sababu kila anayefanya hivyo anaondoka na sehemu yake.

Vifaa vingine ni vichache. Betri 2 na kadi 2, kwa kuwa umeme hukatika na kadi hufa. Hudi ya lenzi, inayokinga kioo dhidi ya jua na dhidi ya kugongwa vizuri zaidi kuliko filta ya UV. Filta ya polaraiza ndiyo ninayoitetea, kwa vioo vya malori, samaki wabichi na lami iliyolowa, na hapa udogo wa lenzi unakusaidia tena: ya milimita 49 au 52 ni rahisi kuliko ya 77. Mfuko wa nailoni kwa mvua za alasiri zinazoletwa na ziwa. Brashi na kipulizo cha mpira kwa vumbi la murramu. Lakini kinga kubwa ya vumbi ni kutobadilisha lenzi barabarani, jambo ambalo mwenye lenzi moja hahitaji kulikumbuka. Nyumbani, iweke kamera kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika vilivyokauka. Isilale ndani ya begi la ngozi chini ya kitanda, kwa sababu unyevu na giza ndivyo kuvu inavyovipenda.

Kifaa cha mwisho ni karatasi. Tenga fedha kila mwezi za kuchapisha picha chache za sentimita 10 kwa 15 kwenye studio ya mjini, na uzirudishe kwa wenyewe. Andika kwenye daftari, siku ileile, jina alilokupa na kibanda alichokuwapo, maana sokoni watu huhama. Ukimpelekea mama yule wa dagaa picha yake, mpe yeye kwanza, kabla hujaionyesha kwa mtu mwingine yeyote, na umuulize kama anaridhia wengine waione.